Fundi Akifundisha Watoto wa Wote: Ufundi Ni Mali ya Nani?

1. Swali lilitokea wapi

Ndugu msomaji, hapa kwetu Lulimba tunapenda kusema kwamba mila zetu zinakufa. Tunalisema kwenye matanga, tunalisema shuleni, tunalisema tukiwa safarini juu ya lori la kwenda Baraka. Kila mmoja anatingisha kichwa, anasema "ni kweli kabisa", kisha kila mmoja anarudi kwake. Sisi walimu wachache wa sekondari tulichoka kutingisha kichwa. Likizo kubwa moja tulikata shauri kujenga hangari ndogo ya miti, juu tukatandika shitingi, tukaomba mafundi wa hapa hapa waje kufundisha vijana: mama mmoja mfinyanzi wa vyungu, mama mwingine msukaji wa mikeka, na mzee mmoja mchongaji wa ngoma, vinu na viti.

Wale mama walikubali upesi. Mzee hakukataa, lakini hakukubali pia. Alitukarisha, akatuangalia mmoja mmoja, kisha akasema: "Bana walimu, ile kazi yenye munaomba, miye sikatae. Lakini munijibu mambo mbili. Ule mwenye nitafundisha, ni mutoto wa nani? Na miye mwenye nitafundisha, nani atanilisha?"

Tulicheka kidogo, tukafikiri ni maneno ya mzee anayependa kuombwa sana. Leo hatucheki tena. Yale maswali mawili ndiyo maswali yenyewe, na insha hii inajaribu kuyajibu. La kwanza linauliza: ufundi ni mali ya nani? La pili linauliza: anayetoa ujuzi wake kwa wote anastahili kupewa nini?

2. Namna wazee walivyofundishwa

Tusisahau ya kwamba neno "kalasi" ni geni. Mzee wetu hakukaa kwenye kalasi ya uchongaji hata siku moja. Alitueleza mwenyewe: alimfuata mjomba wake porini akiwa kijana mdogo, akabeba shoka miaka miwili bila kuruhusiwa kukata. Alipalilia shamba la mjomba, alichota maji, alitafuta kuni. Siku mjomba alipompa tezo mkononi, baba yake alileta kuku na pombe. Kinu cha kwanza alichouza, nusu ya bei ilikwenda kwa mjomba. Hapo hakukuwa na mshahara, lakini hakukuwa na bure pia.

Tukiangalia vizuri, mafunzo ya namna hiyo yalikuwa na mambo matatu pamoja. Kulikuwa na mkono: namna ya kushika chombo, kujua mti upi unapasuka na upi haupasuki. Kulikuwa na sura: ngoma ikae namna gani, kiti kiwe na miguu mingapi. Tena kulikuwa na maana: kitu hiki ni cha nani, kinatoka lini nje, nani anakigusa, maneno gani yanakwenda nacho. Mkono ungeweza kufundishwa kwa yeyote mwenye bidii. Maana ilifundishwa kwa yule aliyefikia.

Kwa sisi Babembe, kama kwa ndugu zetu Balega, chama cha Bwami kilikuwa shule kubwa ya maana. Watu walipanda ngazi kwa ngazi, na katika kila ngazi walionyeshwa vitu: sanamu ndogo, vinyago, hata makombe ya wanyama na manyoya. Kila kitu kilikuja na methali yake, na methali ilikuwa juu ya tabia: usiwe mgomvi, usiwe mlafi, heshimu ndoa ya mwenzako. Mtu asiyejua angeona kipande cha mti au cha pembe ya tembo. Aliyefundishwa aliona sheria. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ya Wabelgiji ilitangaza kwamba Bwami imevunjwa. Vitu vingi vilikwisha kuondoka na vingine viliendelea kuondoka, vikaenda kukaa nyuma ya vioo huko Ulaya. Methali zake hazikupanda meli.

Kisha zikaja vita. Mwaka 1996 na tena 1998 watu wa Fizi walivuka ziwa kwa maelfu. Wengi wetu tulikaa miaka mingi Lugufu na Nyarugusu, mkoa wa Kigoma, Tanzania. Mafundi wengine walizikwa kule. Ilipofika 2005 meli zikaanza kurudisha watu kutoka Kigoma mpaka Baraka, tulirudi na watoto wanaojua kusoma, lakini hawajaona mtu akikata mti wa ngoma. Mnyororo wa mjomba na mpwa ulikatika katikati. Hangari yetu ilijengwa kwa sababu ya pengo hilo.

3. Wengine walifanya nini

Si sisi wa kwanza kufundisha ufundi chini ya paa moja. Ni vizuri kuangalia majirani.

Huko Élisabethville, leo Lubumbashi, mwaka 1946 Mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés, alifungua karakana ya uchoraji ambayo watu waliiita Hangar. Yeye hakutaka vijana waige michoro ya Ulaya. Aliwapa rangi, akawaacha watazame samaki, ndege na majani ya kwao. Hapo walitoka Bela, Pilipili Mulongoy na Mwenze Kibwanga. Romain-Desfossés alipofariki mwaka 1954, kazi haikufa, kwa sababu akademia ya sanaa ilikuwa imekwisha kufunguliwa kule mjini tangu 1951, na Pilipili na Mwenze wakawa walimu humo. Hiyo ni alama nzuri ya kupima mwalimu: mwanafunzi wake anafundisha leo, au anangoja?

Upande wa Tanzania yuko Edward Saidi Tingatinga. Alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, na mwaka 1972 akapigwa risasi na polisi kwa kudhaniwa ni mhalifu, akafa. Miaka minne tu. Lakini katika miaka hiyo alikuwa amefundisha ndugu na jamaa zake, na hao wakafundisha wengine, mpaka mwaka 1990 wakawa na ushirika wao wenye jina lake. Leo jina la mtu mmoja limekuwa jina la namna nzima ya kuchora. Angekuwa mchoyo, angekufa na brashi yake. Lakini kuna upande wa pili: namna ileile inachorwa na kila mtu, inauzwa kwa kila mtalii, na ni nani anayekumbuka kumpa fungu yule aliyeifungua? Ukarimu wake ulizaa wengi, ila haukuweka kanuni.

Kule Unguja, chuo cha muziki wa nchi za jahazi kilifunguliwa mwaka 2002, na wanamuziki wa papo hapo wanafundisha udi, kanuni, fidla na ngoma, na vijana wa kike na wa kiume wanakaa pamoja. Kisiwa hichohicho kilikuwa na Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013. Ngoma ya unyago aliipiga hata kwenye majukwaa ya Ulaya, watu wote wakasikia. Lakini mafunzo yenyewe ya wari, yale ya kumfanya msichana awe mama mwenye heshima, yalibaki ya wanawake, mahali pao. Bi Kidude alikuwa na milango miwili, na alijua upi wa kufungua na upi wa kurudisha.

Hapa karibu zaidi, Goma, kituo cha Yole!Africa alichoanzisha Petna Ndaliko kimefundisha vijana filamu, muziki na dansi, tena katikati ya vita. Walimu wake wamekuwa wasanii wa mji uleule. Kwa hiyo tusiseme ya kwamba mambo haya ni ya nchi zenye amani tu.

4. Kosa letu

Sasa tunafika mahali panapotuuma. Tungependa kupapita haraka, lakini insha juu ya mambo ya haki haiwezi kuficha makosa ya mwandishi wake.

Mzee alikuja hatimaye. Alifundisha wiki sita, vijana tisa. Mmoja, wa mwaka wa tano, alikuwa na mkono wa ajabu. Sisi walimu tulijivuna. Tukaona viti na vinu havitoshi. Mmoja wetu alikuwa na kitabu chenye picha ya kinyago cha Alunga, kile chenye nyuso mbili, moja mbele na moja nyuma, na macho makubwa meupe. Kitabu kilitoka Ulaya, kinyago kiko Ulaya. Tukamwonyesha kijana picha, tukamwambia: "Jaribu." Hatukumwuliza mzee. Kwa nini tungemwuliza? Picha ilikuwa kwenye kitabu, na kitabu ni cha kila mtu.

Kijana alijaribu, akaweza. Kabla ya siku nne kupita, mchuuzi aliyekuwa anaelekea Misisi kwenye dhahabu akaona kile kinyago, akatoa dola 20. Kwa kijana ambaye wazazi wake wanatafuta pirime ya shule kwa kuuza mihogo, dola 20 si mchezo. Aliuza. Akachonga cha pili. Hicho cha pili ndicho mzee alikiona asubuhi, kimelazwa karibu na moto kikauke. Hakupiga kelele. Aliokota tezo yake na shoka yake, akaondoka. Kesho yake hakuja. Wiki iliyofuata hakuja.

Tulijiuliza sana: ni nani aliyeiba? Mkono ulitoka kwa mzee. Sura ilitoka kwenye jumba la makumbusho la Ulaya. Amri ilitoka kwetu walimu. Pesa ilitoka kwa mchuuzi. Kijana alikuwa njia panda tu, mambo yote yakapita kwake. Kumtupia yeye lawama ni rahisi, na wengine kijijini walifanya hivyo. Lakini sisi tulijua moyoni kwamba mwalimu anayetuma mtoto kuvunja mwiko asiojua ana deni kubwa kuliko mtoto.

Tulikwenda kwa mzee na kuku, na kasiksi ndani ya bidoni. Alitupokea kwenye lubunga pamoja na wazee wengine wawili. Tulisema kosa letu bila kuzungusha. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema: "Ile sura inasemaka. Nyinyi mumemupa mutoto kinywa ya kusema, na hajue maneno. Kesho wataikalisha mu nyumba ya pombe, watatundika kofia juu yake. Miye sikasirike juu ya mutoto. Miye naogopa tu, maana alijifunzia mukono kwangu."

Mmoja wetu akajaribu kujitetea: "Lakini mzee, ninyi mkinyamaza mpaka mwisho, nani atajua maneno hayo? Watoto watayasoma kwa Wazungu." Mzee mwingine akajibu upesi: "Na nyinyi mulikuya kuuliza lini?"

Hatukuwa na jibu.

5. Je, ni lazima kufundisha yote kwa wote?

Kuna watu wanaosema: elimu ni kama moto, ukimwashia mwenzako wako haupungui, basi fundisha yote, kwa wote. Sisi kama walimu tulikuwa upande huo, na bado tunaupenda. Hesabu hazina mwiko. Lakini tumejifunza kwamba si kila ujuzi ni wa namna moja. Ukimfundisha mtoto kujumlisha, umempa kitu kizima. Ukimfundisha kuchonga uso wa Alunga bila maneno yake, umempa nusu, na nusu hiyo inapotosha: anadhani anakijua kitu ambacho hakijui, na anayenunua anadhani amenunua mila ya Babembe, kumbe amenunua ubao.

Kuna wengine wanaosema: funga yote, mila ni ya wenyewe. Hao pia tunawaogopa. Siri inayokaa kwa mtu mmoja mpaka kaburini haikuhifadhiwa, imepotea. Tazama mambo ya siku hizi. Mwezi wa pili mwaka 2022 Ubelgiji iliikabidhi Kongo orodha ya vitu karibu 84.000 vilivyoko katika jumba la makumbusho la Tervuren. Mwezi wa sita mwaka huohuo mfalme wa Ubelgiji alileta Kinshasa kinyago kikubwa cha Wasuku, Kakungu, kwa mkopo wa muda usio na mwisho. Tulifurahi, ndiyo. Lakini siku ambapo kitu cha kwetu kitarudi mpaka Fizi, nani atakipokea? Kama hakuna aliyefundishwa maneno, tutakipokea kama watalii, tutakipiga picha na simu.

Kwa hiyo tunaona njia iko katikati, na haitokani na uoga. Mambo yale matatu yatenganishwe. Mkono ufundishwe kwa wote, chini ya hangari, mchana, wasichana na wavulana, Mbembe, Mbuyu na mgeni aliyekimbilia kwetu. Hakuna haki yoyote ya kumnyima mtoto tezo kwa sababu ya ukoo wake. Hasa leo, ambapo yatima wengi hawana mjomba wa kumfuata porini. Sura za kila siku, yaani ngoma, kinu, kiti, chungu, mkeka, ziende pamoja na mkono. Maana, pamoja na sura zilizofungwa ndani yake, zifundishwe polepole, kwa aliyeonyesha tabia, na mwenye kuamua awe mzee mwenyewe pamoja na wenzake. Lakini hapo tunawaomba wazee jambo moja, kwa heshima zote: kuchagua wa kumpa ni haki yenu, kutompa yeyote si haki yenu. Mlipewa ili mpitishe.

6. Na anayefundisha ale nini?

Turudi kwenye swali la pili. Watu wengi hapa wanafikiri fundi anapaswa kufundisha bure kwa upendo wa kabila. Tunaomba wanaosema hivyo waangalie upande wetu walimu. Kuna wenzetu wa N.U., walio kwenye ubao kila asubuhi bila kujulikana kwenye orodha ya mshahara ya Kinshasa. Tangu 2019 shule ya msingi imetangazwa kuwa ya bure, lakini sisi wa sekondari tunaendelea kuishi kwa pirime ya wazazi, ambao wenyewe hawana. Tunajua kufundisha ukiwa na njaa kunafanya nini: unaharakisha somo, unakosa uvumilivu, unamchukia mtoto asiye na kosa. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Fundi aliyekaa nasi siku nzima hakuchonga kinu cha kuuza siku hiyo. Hiyo ni pesa yake tuliyokula sisi.

Tumeona pia namna nyingine, ya mashirika: mradi unakuja, fundi analipwa kwa siku, vijana wanapewa soda, picha zinapigwa, mradi unakwisha. Baada ya hapo fundi hataki kufundisha tena bila ile pesa, na vijana hawataki kujifunza bila soda. Hatusemi msaada ni mbaya. Tunasema malipo yanayotoka mbali yanaondoka pamoja na gari lililoyaleta.

Ndiyo sababu tulirudia hesabu ya mjomba. Sasa kila kijana anatoa asubuhi moja kwa wiki kwenye shamba la fundi wake. Anayeweza analeta kuku siku ya kupewa chombo; asiyeweza haulizwi. Na kitu cha kwanza atakachouza, nusu inakwenda kwa fundi, mbele ya mashahidi. Kwa namna hiyo yatima hafungiwi mlango, na fundi haondoki mikono mitupu. Kuna faida nyingine ambayo hatukuitegemea: kijana akipalilia shamba la mzee, anasikia maneno ambayo hayasemwi chini ya hangari. Maana inaanza kupita yenyewe, kwenye mihogo.

7. Kumaliza

Mzee alirudi. Anafundisha ngoma, viti na vinu. Vinyago hafundishi, na hatumwombi tena. Yule kijana wa dola 20 alikipeleka mwenyewe kile kinyago cha pili kwa mzee. Kilifanywa nini, hatukuuliza. Cha kwanza kilikwenda Misisi na hakikuonekana tena. Kijana mwenyewe sasa anawaonyesha wadogo namna ya kunoa tezo, na Jumamosi anaonekana kwenye shamba la mzee hata wakati si zamu yake.

Basi ufundi ni mali ya nani? Tunajibu hivi: si mali ya fundi peke yake, kwa sababu naye alipewa. Si mali ya wote kama maji ya mto, kwa sababu kuna aliyeubeba mpaka hapa, na kuna maneno yanayokwenda nao. Ni deni. Aliyepewa anadaiwa na watakaokuja, na anayepokea anadaiwa na aliyempa. Kituo cha ufundi ambacho kinakumbuka deni moja na kusahau lingine hakitadumu, hata kikijengwa kwa matofali na bati.

Ndugu msomaji, labda kwenu Baraka, Fizi, Kilembwe au Misisi kuna mama anayefinyanga peke yake nyuma ya nyumba, au mzee mwenye tezo iliyoanza kula kutu. Msingoje mradi. Muende muwaulize. Na mkienda, msiende mikono mitupu.